Nilikwama kwenye sentensi ya kwanza ya maisha yangu, ikabidi niwaendee mama zangu wawili

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, miaka mingi sasa. Nasoma nyuzi zenu nacheka peke yangu dukani mpaka wateja wananishangaa. Leo na mimi nina la kusema. Hii siyo chai. Ni mambo yangu mwenyewe, nimebadilisha majina tu kwa sababu wahusika wako hai.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu: nataka kuandika historia ya maisha yangu, nianzie wapi? Wengi mkamjibu aanzie alipozaliwa.

Ushauri mzuri. Mimi nilianzia hapohapo, na hapohapo nikakwama.

Niwasimulie taratibu.

Nina duka la stationery hapa Bariadi mjini. Photocopy, kutype, kulaminate vyeti, picha za passport. Ila kuna kazi moja ninayoifanya sana ambayo watu hawaifikirii: kutype wasifu wa marehemu. Mtu anaingia macho mekundu, ana karatasi imekunjwakunjwa, anataka iwe tayari kesho isomwe kabla ya mazishi.

Natype. Alizaliwa kijiji fulani. Alisoma shule fulani. Aliolewa. Ameacha watoto na wajukuu. Bwana ametoa na Bwana ametwaa.

Nimetype nyingi hadi nikawa na file moja tu kwenye computer. Nabadilisha majina, naprint.

Sasa jirani yangu wa duka alikuwa Dada Tabu, mama lishe. Wakuu, huyu dada alikuwa na kicheko! Akicheka, watu waliokuwa wanapita barabarani wanageuka na kuja kula. Alishawahi kunisimulia jinsi alivyotoroka kwenye sherehe ya kutolewa mahari yake mwenyewe kwa sababu bwana harusi alikuja na viatu vya kuazima, halafu baada ya muda akaolewa na huyohuyo. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alifariki ghafla. Kaka yake akaja dukani kwangu na karatasi.

Nikafungua lile file. Nikabadilisha jina. Nikaprint.

Karatasi ilipotoka bado ina joto, nikaisoma. Tabu hakuwemo. Ilikuwa ya mtu yeyote. Nilimkabidhi kaka yake nikarudi nyuma ya mashine nikalia. Nikajiambia: Limi, na wewe siku yako ikifika watafungua file hilihilo.

Wiki hiyo nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika MAISHA YANGU. Nikaiweka katikati, nikaikoleza, nikaipigia mstari. Heading ilipendeza kwelikweli.

Chini yake nikaandika: "Nilizaliwa Migato, nikiwa mtoto wa kwanza wa..."

Basi. Mkono ukagoma.

Hapa inabidi niwaeleze familia yetu ili mnielewe.

Baba alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Nkwimba, ambaye hakujaliwa kupata mtoto. Mimi namwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mdogo ni Holo, mtu wa Nassa kule ziwani. Yeye ndiye aliyenizaa mimi na mdogo wangu Masanja. Huyu namwita Mama Mdogo.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Aliyenizaa namwita mama mdogo, aliyenilea namwita mama. Ndivyo nilivyokua nikiita.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara zilipoanza kuachiwa, wale wa umri wangu mnaikumbuka. Nyuma ya hapo mlikuwa mnapeleka pamba chama cha msingi cha ushirika, mnasubiri malipo mpaka mnasahau. Duka la kijiji lina viberiti na vumbi. Halafu mambo yakafunguliwa. Mitumba ikaja, sabuni zikaja, kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara.

Mama Mdogo alikuwa amekulia kwenye samaki. Akaanza kwenda Lamadi kuchukua dagaa na kuja kuwauza minadani huku kwetu. Mwanzoni baba alifurahi, maana nyumbani sukari haikukatika. Baadaye maneno yakaanza. Mwanamke gani huyo anayelala safarini? Baba hakuwa mkali, ila alikuwa mtu wa kusikiliza sana watu. Akamwambia achague, nyumba au dagaa.

Mama Mdogo akaondoka. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule, Masanja yuko mgongoni.

Kumbukumbu yangu ya siku hiyo ni hii. Mayu aliniamsha asubuhi mapema tukaenda kuchuma pamba shamba la mbali. Wakati wa kurudi niliokota furu, yale matunda meusi ya porini, nikayafunga kwenye pindo la gauni nimpelekee Masanja, alikuwa anayapenda. Nilipofika nikakuta nyumba ya Mama Mdogo imefagiliwa. Mkeka haupo. Chungu hakipo.

Nilisimama pale mlangoni na matunda yangu. Hakuna aliyenieleza kitu.

Nikakua nikijua hivyo tu: mama alikuwa na watoto wawili, akachukua mmoja. Krismasi alikuwa anakuja na magauni mazuri, namsalimia kama mgeni, narudi kukaa karibu na Mayu.

Sasa mnaona shida ya sentensi yangu. Nikiandika mimi ni mtoto wa Holo, yule aliyenibeba mgongoni kunipeleka zahanati nina homa ni nani? Nikiandika ni mtoto wa Nkwimba, nimedanganya kwenye mstari wa kwanza kabisa.

Nikajaribu kuruka: "Nilizaliwa katika familia ya wakulima." Nikaisoma, nikaona ni lile file langu la misiba. Nikafuta.

Mume wangu akanishauri, "Andika ya shule kwanza, hayo utayarudia." Nikajaribu. Lakini kila nilichoandika kilitoka na hasira. Naandika habari za mwalimu wa darasa la pili, hasira. Naandika habari za mbuzi, hasira. Sikujua kwamba ninayo.

Ndipo nikaamua kwenda kuuliza.

Nilianza na Mayu, Migato. Nilimkuta uani anapepeta choroko, miguu ameinyoosha kwa sababu magoti yanamsumbua.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, ng'wana wane. Mhola?"

"Mhola duhu." Ng'wana wane ni mwanangu; mhola duhu, salama tu.

Nikamweleza kwamba naandika maisha yangu. Akacheka. "Maisha bado unayaishi, unayaandika ya nini?" Lakini nilipomuuliza siku niliyozaliwa, akaweka ungo chini akasimulia vizuri. Kwamba ilikuwa mvua za kupandia, mto umejaa, mkunga yuko ng'ambo hawezi kuvuka. Kwamba yeye ndiye aliyemshika Holo mgongo, halafu akazunguka mbele kunipokea.

"Uliniangukia mimi," akasema, na uso wake ukang'aa. "Kabla ya mtu yeyote."

Nikaandika haraka kwenye simu. Nimenogewa, nikauliza, "Na ile siku Mama Mdogo alipoondoka?"

Akakunja uso.

"Hiyo usiiandike."

"Kwa nini, Mayu?"

"Nikishakufa andika unavyotaka. Sasa hivi usiiandike."

Akanyanyuka na magoti yake yale, akaingia ndani. Nikamsikia anahamisha sufuria ambazo hazikuhitaji kuhamishwa.

Wakuu, nilirudi Bariadi nimenyong'onyea. Mayu hajawahi kunikataza kitu kwa sauti ile. Nikawaza niache tu. Ukurasa si upo, heading si inapendeza, inatosha. Lakini hasira nayo ilikuwa imeshaamka, haikubali kulala tena.

Nikapanda gari kwenda Lamadi.

Niwe mkweli, sikuwahi kufika kwenye shughuli zake. Kwao Nassa nilifika mara chache, tena kwa misiba na harusi. Safari hii nikaenda moja kwa moja mwaloni, wanapoanika dagaa. Nikauliza Mama Masanja yuko wapi.

Hakuna aliyemjua.

Nikaeleza: mama mtu mzima, anatokea Nassa, alishawahi kuolewa Migato. Binti mmoja mwenye beseni akasema, "Aaa, huyo ni Mama Limi! Ungesema Mama Limi."

Nikamsogelea.

"Wewe nani yake?" akauliza.

"Mimi ndiye Limi."

Akatua beseni. "Jamani! Njooni, Limi yupo!"

Wanawake wakaacha dagaa wakaja kuniangalia. Kunishika mikono, kunigeuza kama nguo ya mnadani. Mmoja mzee kidogo akaniambia polepole, "Utusamehe, mwanangu. Sisi tulidhani ulishafariki. Miaka yote anaitwa kwa jina lako, na hapendi kuulizwa Limi yuko wapi."

Masanja amekulia palepale mbele yao. Lakini siku mama yake alipofika, mgeni hajulikani, walipomuuliza tukuite nani, alitaja jina langu.

Mama Mdogo alitokea akipangusa mikono kwenye kanga. Aliponiona akashtuka. "Mkubwa wangu amefariki?"

"Hapana, ni mzima."

Akakaa juu ya ndoo, pumzi zikamrudia. Hilo nalo likanigusa, kwamba kitu cha kwanza alichokiogopa ni Mayu.

Nikamweleza habari za kuandika. Nikamuuliza swali ambalo sijawahi kumuuliza tangu nizaliwe. "Kwa nini ulimchukua Masanja ukaniacha mimi?"

Hakukasirika. Alichambua dagaa mkononi, halafu akasema, "Siwezi kusimulia hilo mkubwa wangu hayupo. Nipeleke kwake."

Tukaenda.

Alibeba samaki waliokaushwa na kanga mpya. Tulipoingia uani, Mayu alituona akavuta kanga yake vizuri. Mama Mdogo, na utu uzima wake, akapiga magoti kumsalimia mke mwenzake kama zamani.

"Inuka," Mayu akamwambia. "Magoti siyo kitu cha kuchezea, niulize mimi."

Wakacheka kidogo. Tukala. Nilikuwa nasubiri Mama Mdogo aanze, maana yeye ndiye aliyeulizwa. Lakini Mayu hata sahani haijaondolewa akaanza yeye, anaangalia mikono yake.

"Limi, siku ile shamba la mbali halikuwa na pamba ya kuchuma. Tulikuwa tumeshalimaliza. Nilikupeleka makusudi. Nilijua mama yako anaondoka, na baba yako alishamwambia achukue watoto wote kama anataka. Nikakutoa mapema ili asikukute." Akamgeukia mwenzake. "Holo, nilikuibia mtoto. Miaka yote hii, ukija Krismasi na magauni, nasema leo ataniuliza. Huulizi. Nikawa naogopa zaidi."

Mama Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Niliwaona," akasema.

"Uliona nini?"

"Nilikuwa mlangoni, mzigo nimeshaufunga. Niliwaona mnapita kwenye mtama, umemshika mkono unamkimbiza. Hata uso hajanawa. Nikajua. Ningeita jina tu, angegeuka."

Siyo mimi niliyeuliza, ni Mayu. "Sasa kwa nini hukuita?"

"Mimi nilikuwa naondoka na mtoto mgongoni. Wewe ulikuwa unabaki na mwanaume aliyenuna na nyumba tupu. Nikaangalia ulivyomshika mkono. Nikasema huyu hatamwangusha." Akafuta uso na kiganja. "Hukuiba, mkubwa wangu. Mlango niliuacha wazi mwenyewe."

Mayu akajifunika kanga usoni akalia, mabega yanatikisika.

Mwingine angeandika hapa kwamba tulikumbatiana wote watatu. Haikuwa hivyo. Mimi nilikasirika, tena kuliko mwanzo.

"Na mimi je?" nikasema. "Mmoja ananificha, mwingine ananiona ananyamaza. Mmeoneana huruma nyie wawili. Nani alinionea mimi? Nilirudi na furu kwenye gauni, namletea mdogo wangu. Nikakuta mkeka haupo."

Wakaniangalia. Hawakuwa wanajua habari za furu. Hakuna aliyewahi kujua, kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu.

"Ulimletea Masanja furu?" Mama Mdogo akauliza.

"Ndiyo."

Hapo sasa naye akalia. Kwa sauti, kama mtu wa msibani. "Nisamehe, ng'wana wane. Nilifikiria watu wazima tu. Nilisema wewe ni mtoto, utasahau." Mayu naye akaniomba radhi, kwa Kisukuma, maneno ambayo nikiyaweka kwa Kiswahili yatapoa, kwa hiyo nayaacha.

Nilitoka nje nikazunguka hadi lilipokuwa zizi la baba, siku hizi ni majani tu. Nikasimama pale mpaka kifua kikatulia. Hata leo sidai kwamba yote yameisha. Kuna asubuhi naamka na hasira ileile.

Niliporudi, Mama Mdogo alikuwa na beseni la maji ya moto anamkanda Mayu magoti. Na walikuwa wanabishana! Mmoja anasema mvua ya siku niliyozaliwa ilianza asubuhi, mwingine anasema mchana.

"Wewe ulikuwa na uchungu, utajuaje mvua?" Mayu anasema.

"Paa lilikuwa linanivujia mimi, nisijue?"

Nikasimama nawasikiliza. Mayu akanyoosha mguu wa pili kwangu. "Njoo umalizie goti hili, mikono ya mwenzangu imechoka."

Nikakaa chini nikachukua kitambaa. Goti lake lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani.

Baadaye Mayu akasema, bila kuulizwa, "Sasa iandike. Yote." Mama Mdogo akaongeza, "Na mimi uniandike Holo, jina langu. Hilo la mama mdogo libaki huko nyuma." Nikamuuliza sasa nikuite nani. Akasema utakavyozoea.

Wiki iliyofuata nilimpigia simu, nikasema, "Mama." Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu nikasikia, "Bee, mwanangu." Kisha akaanza haraka kuniuliza bei ya vitunguu Bariadi, ili tusilie.

Sentensi yangu ya kwanza sasa ipo. Nawawekea kama ilivyo:

"Nilizaliwa Migato siku mto umejaa, na tulikuwa wanawake watatu chumbani: Holo aliyekuwa na uchungu, Nkwimba aliyemshika mgongo, na mimi niliyekuwa natoka kwa mmoja nikiangukia kwa mwingine."

Baada ya hapo maneno yalitoka kama maji. Nimeshafika darasa la tatu.

Nilichojifunza mimi, kwa anayetaka kuanza. Ukikwama mahali, usiruke. Pengine hujakwama kwa sababu hujui kuandika, umekwama kwa sababu kuna mtu hujamuuliza. Kama yupo hai, panda gari. Utakachokikuta huenda kisikufurahishe siku hiyohiyo. Na usikae unasubiri lugha nzuri, mimi nimeandika na makosa yangu na bado ni maisha yangu.

Ombi langu kwenu ni hili. Nimekaribia kumwandika baba, ambaye alishafariki. Yule aliyemwambia mama achague, kisha akamwambia achukue watoto wote, sijui kwa hasira au kwa upendo. Hawezi kunijibu tena. Nyie mliowahi kuandika, mnamwandikaje mtu asiyeweza kujitetea? Mnaandika mlichoona tu, au mnamwachia nafasi?

Nipeni uzoefu wenu, na mkinikosoa nitapokea. Ila muwe na adabu kidogo kwenye comment. Jumapili naenda Migato, Mama naye anatoka Lamadi, na nimewaahidi nitawasomea kila mtakachoandika.